Betri Tatu kwa Mwaka Mmoja: Tujue Umeme wa Pikapu ya Kikundi



Vikundi vingi siku hizi vimenunua pikapu kuukuu kwa pesa za merry-go-round na michango ya wanachama. Pikapu hubeba omena kutoka ufuoni, mahindi na viazi vitamu kwenda sokoni, na usiku hubeba wagonjwa. Ni mali kubwa. Lakini tukitembelea vikundi tunasikia wimbo uleule: "Gari imekataa kuwaka tena." Mara nyingi shida si injini. Shida ni umeme.

Katika toleo hili tutaeleza umeme wa gari kuukuu kwa lugha rahisi, jinsi ya kutafuta kasoro hatua kwa hatua, na mambo machache ambayo kikundi kinaweza kuongeza chenyewe. Kabla ya hapo tuwape kisa kimoja tulichokishuhudia. Hatutataja jina la kikundi wala la mtu yeyote.

KISA CHA BETRI TATU

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana, karibu na ziwa upande wa Homa Bay, kilinunua pikapu iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi. Wazee watakumbuka zile matatu za pikapu zenye boksi, abiria wakikaa wakitazamana. Hiyo ilikuwa mojawapo. Boksi lilitolewa, pikapu ikapakwa rangi, ikauzwa.

Baada ya miezi michache betri ilikufa. Kikundi kikanunua nyingine mpya. Ikafa. Wakanunua ya tatu. Nayo ikaanza kuchoka. Ikilala siku moja, inawaka. Ikilala siku mbili tatu, kimya.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema dereva anauza betri mpya mjini na kuweka kuukuu. Wengine walisema mweka hazina ananunua betri za bei ya chini na kuandika bei ya juu. Kisha usiku mmoja wa mvua mama mjamzito alishikwa na uchungu, na pikapu ikakataa. Wanaume walisukuma matopeni hadi wakachoka. Mama huyo alipelekwa kwa pikipiki, akajifungua salama, tunashukuru. Lakini asubuhi yake mkutano uliitwa, na ajenda ilikuwa moja tu: dereva afukuzwe.

Tulialikwa kwenye mkutano huo tusaidie kusuluhisha. Tulipofika tulimwomba mwenyekiti kitu kimoja: "Mama mwenyekiti, kabla hatujamhukumu mtu, tuikague pikapu kwanza." Tulikuwa tumekuja na mzee mmoja fundi wa waya. Akina mama walimkaribisha: "Jaduong', karibu. Tuambie ukweli hata kama ni mchungu." Mzee akajibu, "Ukweli wa umeme hauna ujomba. Unapimwa."

Tutarudi kwa kisa hiki baadaye. Kwanza tuelewe kile mzee alichokipima.

UMEME WA GARI HUPITA WAPI?

Fikirieni maji ya tangi. Yakitoka kwenye tangi hupita kwenye paipu hadi kwenye mfereji, na yakitumika yamekwenda. Umeme wa gari ni tofauti kidogo: lazima urudi ulikotoka. Hutoka upande wa chanya (+) wa betri, hupita kwenye waya, fyuzi na swichi, hufanya kazi kwenye taa au honi, kisha hurudi upande wa hasi (−). Njia ya kurudi haina waya mrefu. Hupita kwenye bodi na chuma cha gari. Hiyo ndiyo mafundi huita erthi.

Basi kuna mambo manne tu yanayoweza kuharibika:

1. Umeme hauko, maana betri imeisha au alteneta haichaji.
2. Njia ya kwenda imekatika: fyuzi, swichi, waya.
3. Kifaa chenyewe kimekufa, kama balbu iliyoungua.
4. Njia ya kurudi ni mbaya: erthi imeshika kutu.

Katika magari ya huku kwetu hili la nne ni ugonjwa mkubwa. Maji ya samaki na ya barafu hudondoka nyuma ya pikapu, yanaingia kwenye soketi za taa, na shaba inafanya kutu ya kijani. Unyevu wa ziwa na vumbi la barabara humaliza kazi. Mtu ananunua balbu mpya kila mwezi, kumbe balbu ilikuwa nzima.

VIFAA VYA KUPIMIA

Kikundi hakihitaji mashine kubwa. Tunashauri muwe na hivi:

- Taa ya kupimia, yaani testa. Mnaweza kuitengeneza wenyewe: balbu ndogo ya volti 12, wati 5, holda yake, na waya mbili. Waya moja ifungwe kibanio, nyingine ifungwe msumari mwembamba uliochongoka.
- Mita ndogo ya kupima volti. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme mijini, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri.
- Msasa, brashi ya waya, spana ya kichwa cha betri, plaiasi, tepu ya umeme, na fyuzi za akiba.

Kwa usalama, fuateni haya bila kubishana:

- Vueni saa na pete za chuma. Chuma kikigusa chanya na bodi kwa pamoja huwa moto mara moja na huunguza mkono.
- Mkitoa betri, toeni waya ya hasi kwanza. Mkirudisha, hasi iwe ya mwisho.
- Msivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri. Betri ikichaji hutoa gesi inayolipuka.
- Maji ya betri ni asidi. Yakiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mwende hospitali.
- Msitoe waya ya betri wakati injini inanguruma ili "kujaribu alteneta". Wengi hufanya hivyo. Volti hupanda ghafla na kuunguza alteneta nzima.

Na neno moja kwa wenye lori: pikapu nyingi hutumia volti 12, lakini malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kufanya volti 24. Msiwashe pikapu kwa umeme wa lori la aina hiyo. Mtaunguza kila kitu.

TATIZO LA KWANZA: GARI HALIWAKI

Washeni taa kubwa za mbele, kisha mtu mmoja ajaribu stata huku mwingine akitazama taa.

a) Taa haziwaki kabisa, au zinazimika pale ufunguo unapozungushwa. Betri imeisha, au vichwa vya betri ni vilegevu au vina unga mweupe au wa kijani. Toeni vichwa, visugueni kwa msasa hadi ving'ae, mkaze vizuri. Unga ule huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi soda, lakini mchanganyiko usiingie ndani ya betri.

b) Taa zinafifia sana na stata inazunguka kwa uchovu, au inasema "tik-tik-tik". Betri ni dhaifu, au waya nene ya stata au ya erthi haishiki vizuri.

c) Taa zinabaki kali, stata iko kimya. Betri ni nzima. Tafuteni kwenye swichi ya ufunguo, waya ndogo inayoenda kwenye stata, au stata yenyewe.

Mkiwa na mita, pimeni betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 hivi ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 ni karibu robo. Chini ya 11.9 hesabuni imeisha. Kisha pimeni wakati stata inazunguka: ikianguka chini ya volti 9.6, betri haina nguvu au haijachajiwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi wa haraka hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mtu azungushe stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, na waya ya erthi kati ya betri, injini na bodi ni mbovu. Waya hiyo ni bei ya chini. Wengi hununua stata nzima badala yake.

TATIZO LA PILI: BETRI HAICHAJI

Gari likiwa linanguruma, mita kwenye betri ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.4. Washeni taa kubwa. Ikibaki juu ya 13.5, alteneta inafanya kazi.

Ikibaki 12 na kushuka, tazameni kwanza mkanda wa alteneta. Ukiwa mlegevu au unang'aa kama kioo unateleza. Ukibonyezwa kwa kidole katikati unapaswa kubonyea kidogo tu, kama upana wa kidole. Halafu kagueni waya nyuma ya alteneta. Mkiona yote ni mazima, peleka kwa fundi abadilishe brashi au regyuleta. Alteneta nyingi za zamani hutengenezeka, si lazima kununua nyingine.

Ikipanda zaidi ya volti 15, regyuleta imekufa. Betri itachemka, maji yataisha na balbu zitaungua. Hapo gari lisitembee hadi litengenezwe.

Maji ya betri yakipungua, ongezeni maji maalum ya betri yanayouzwa dukani. Msiongeze maji ya ziwa, ya kisima wala ya mfereji, kwa sababu yana chumvi na madini. Pia msiongeze asidi. Kinachopotea kwa joto ni maji, asidi inabaki.

TATIZO LA TATU: TAA HAFIFU AU ZENYE WAZIMU

Mmewahi kuona gari ambalo dereva akikanyaga breki, taa za indiketa ndizo zinazowaka? Au upande mmoja taa ni kali na upande mwingine ni kama mshumaa? Hiyo ni erthi. Umeme ukikosa njia ya kurudi hutafuta njia nyingine kupitia balbu ya jirani.

Fanyeni hivi. Chukueni waya moja ndefu. Ncha moja ishikeni kwenye hasi ya betri, nyingine iguseni kwenye chuma cha holda ya taa inayosumbua. Taa ikiwa kali ghafla, mmepata jawabu. Toeni skrubu ya erthi ya taa hiyo, sugueni mahali pake hadi chuma king'ae, rudisheni skrubu na mpake grisi juu yake ili maji yasiingie.

Kama bado taa haiwaki, fungeni kibanio cha testa kwenye chuma safi cha bodi, kisha guseni waya ya moto inayoingia kwenye holda. Testa ikiwaka, umeme unafika na kasoro ni balbu au holda. Isipowaka, rudini nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye fyuzi. Mahali ambapo testa inaanza kuwaka, kasoro iko kati ya hapo na mahali mlipotoka. Kazi ni hiyo tu. Hakuna uganga.

TATIZO LA NNE: FYUZI INAKATIKA KILA MARA

Fyuzi ni kama mlinzi anayekufa ili nyumba isiungue. Ikikatika ina sababu. Waya fulani imechubuka na inagusa bodi, au kifaa kinakula umeme kuliko ilivyopangwa.

Tumeona fyuzi zilizofungwa kwa karatasi ya sigara, kwa waya, hata kwa msumari. Ndugu zetu, msumari haukatiki. Kitakachoungua ni waya, kisha kiti, kisha pikapu ya kikundi. Fyuzi ya ampea 10 ibadilishwe na ya 10. Katika zile za plastiki, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Pikapu za zamani zina fyuzi za kioo. Someni namba iliyoandikwa kwenye chuma chake.

SASA TURUDI KWENYE KISA

Betri ya kikundi kile ilipelekwa mjini ikachajiwa polepole usiku kucha. Asubuhi mzee aliipima mbele ya wanachama wote: volti 12.6. Gari likawashwa: 14.1. Kwa hiyo betri ilikuwa nzima na alteneta ilikuwa inachaji. Watu wakatazamana. Kama betri ni mpya na inachajiwa, nani anakula umeme usiku?

Mzee alizima kila kitu, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akatoa waya ya hasi ya betri, kisha akaweka testa kati ya kichwa cha betri na waya hiyo. Kila kitu kikiwa kimezimwa, testa haipaswi kuwaka. Iliwaka.

Akabadilisha testa kwa mita, upande wa kupima ampea, na ikasoma 0.6. Gari kuukuu lisilo na kengele ya wezi linapaswa kula chini ya 0.05. Akamwambia katibu aandike, kisha akapiga hesabu kwa sauti: 0.6 mara saa 24 ni zaidi ya 14 kwa siku. Betri yao ilikuwa ya ampea-saa 60. Siku mbili, karibu nusu imekwisha. Siku nne, hakuna kitu.

Halafu akamwambia kijana mmoja atoe fyuzi moja baada ya nyingine. Kwa kawaida, fyuzi ikitolewa na mita ikaanguka, mwizi yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo. Zilitolewa zote. Mita haikutikisika.

Mzee akasema, "Basi kuna waya isiyopita kwa fyuzi." Akaifuata kwa vidole kutoka kwenye chanya ya betri, ikapita kwenye tundu la bodi lisilo na raba, ikaingia chini ya zulia, ikaishia chini ya kiti cha abiria. Hapo palikuwa na kisanduku cha kukuzia muziki kutoka enzi za matatu. Spika zilitolewa zamani, lakini kisanduku kiliachwa kikiwa hai. Kila usiku kilikunywa betri ya akina mama. Waya yake ilikuwa imechubuka pale kwenye tundu, na ingegusa bodi siku yoyote bila fyuzi ya kuizuia.

Kisanduku kilitolewa na mita ikasoma karibu sufuri.

Na kwa nini betri zile mbili za kwanza zilikufa kabisa? Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Haipendi kuisha. Ikiisha na kukaa hivyo, ndani ya sahani zake hutokea chembe nyeupe ngumu ambazo hazirudi tena kuwa umeme. Ikifanyiwa hivyo mara nyingi, hata betri nzuri hufa kabla ya wakati. Kwa hiyo mweka hazina hakuiba, na dereva hakuuza kitu.

Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee alisimama, akamwambia dereva, "Wuoda, tulikusema vibaya. Utusamehe." Mwenyekiti naye akasema, na baada yake mweka hazina aliyekuwa amekaa nyuma akiwa amejifunika leso aliombwa radhi pia. Dereva hakusema mengi. Alisema tu kwamba alikuwa ameshaanza kutafuta kazi Migori.

Hatuelezi kisa hiki kusema kwamba hakuna wizi katika vikundi. Upo, na vitabu lazima vikaguliwe. Tunasema kwamba kipimo kije kabla ya hukumu. Betri hununuliwa tena, lakini jina la mtu likishachafuliwa kijijini haliuzwi dukani.

MAMBO MNAYOWEZA KUONGEZA WENYEWE

Baada ya kutengeneza kasoro, hapo ndipo mfikirie kuongeza. Msiongeze kitu juu ya waya mbovu.

1. Waya ya erthi ya ziada. Wekeni waya nene kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi, na nyingine kutoka injini hadi kwenye bodi. Wekeni pia waya moja ya erthi kutoka mbele hadi kwenye taa za nyuma. Hii pekee huondoa kasoro nyingi.

2. Swichi ya kukata betri. Huwekwa kwenye waya ya hasi. Jioni dereva anazima injini, kisha anakata betri. Hakuna kitakachokula umeme usiku, na mwizi naye atapata kazi. Ikatwe tu injini ikiwa imezimwa.

3. Rilei ya taa kubwa. Katika pikapu nyingi za zamani umeme wa taa husafiri mbali: betri, ufunguo, swichi ya chini ya usukani, kisha kurudi mbele. Volti hupotea njiani na swichi huungua. Volti kwenye balbu zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Rilei inafupisha safari hiyo. Namba 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri. 87 huenda kwenye taa. 86 hupokea amri kutoka kwenye waya ya zamani ya taa. 85 huenda erthi. Tumieni rilei moja kwa taa za karibu na nyingine kwa za mbali. Hesabu yake ni hii: balbu mbili za wati 55 ni wati 110, gawanya kwa volti 12, utapata kama ampea 9. Waya ya milimita mraba 2.5 inatosha. Lakini angalieni: kuna pikapu za Kijapani ambazo swichi ya taa hukata upande wa erthi, si upande wa moto. Pimeni kwanza kwa testa. Ikiwa ni hivyo, mwiteni fundi, kwa maana mpango wa waya hubadilika.

4. Taa ya LED nyuma ya kupakia mzigo. Wavuvi wengi wa omena wameshaacha karabai na kutumia LED kwa sababu hula umeme kidogo. Taa ya wati 10 haifiki hata ampea moja. Iwe na fyuzi yake na swichi yake, na izimwe barabarani, maana mwanga mweupe nyuma huwachanganya madereva wengine.

5. Soketi ya kuchajia simu. Nayo iwe na fyuzi, na ipate umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu.

Msiweke balbu za wati 100 kwenye waya za zamani, holda zitayeyuka. Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa zilizoundwa kwa balbu za kawaida mara nyingi hutupa mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja mbele. Kila waya inayopita kwenye tundu la chuma ivishwe raba. Kusokota waya na kuzifunga tepu ni kazi ya kufikia nyumbani tu. Baadaye unganisheni vizuri kwa tamino au kwa kulehemu kwa risasi ya waya.

KWA NINI TAA ZA NYUMA SI JAMBO DOGO

Wengi wetu hutumia barabara kuu ya Kisii, Rongo, Awendo, Migori hadi Isebania. Usiku malori ya miwa na ya mizigo hupita hapo. Pikapu isiyo na taa za nyuma haionekani hadi mtu ameshaifikia. Kila jioni kabla ya safari, mtu mmoja asimame nyuma huku dereva akiwasha taa, breki na indiketa. Ni dakika moja. Bebeni pembe tatu za kuakisi mwanga, na gari likiharibika ziwekwe mbali vya kutosha.

Kumbukeni pia kwamba magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na taa ni miongoni mwa vitu vinavyokaguliwa. Ni afadhali kasoro muione nyinyi kwanza.

BETRI KUUKUU ISITUPWE

Betri iliyokufa ina madini ya risasi na asidi. Isipasuliwe nyumbani, isiyeyushwe jikoni kutengeneza vizito vya nyavu, na watoto wasiichezee. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi wengi waliathirika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014, na kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu. Wauzaji wengi wa betri hupokea ile kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Irudisheni huko.

KITABU CHA GARI

Kikundi kile sasa kina daftari linalokaa ndani ya pikapu. Kila Jumatatu asubuhi dereva na mwanachama mmoja wa zamu hupima na kuandika: tarehe, volti kabla ya kuwasha, volti injini ikinguruma, maji ya betri, taa zote, kilichonunuliwa na namba ya risiti. Wote wawili hutia sahihi. Betri ikinunuliwa, namba yake huandikwa na alama hukwaruzwa kwenye plastiki yake, ili mtu akiuliza kama ni ileile, jibu liwepo.

Tunashauri pia kikundi kimpeleke kijana mmoja, wa kiume au wa kike, kwenye kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti, ambavyo zamani tuliviita polytechnic za vijana. Hata aliyejifunza kwa jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti. Kikundi chenye fundi wake hakilali barabarani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu limetugharimu nini mwaka huu kwa betri, balbu na fyuzi? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
2. Je, kuna waya ndani ya gari letu ambayo hakuna anayejua inakwenda wapi?
3. Nani kati yetu ana testa, na nani anajua kuitumia?
4. Kitu kikiharibika, tunatafuta kwanza kasoro au mtu wa kulaumu?
5. Mgonjwa akitokea usiku wa leo, gari letu litawaka?

Swali la mwisho lijibiwe kwa kwenda nje na kuzungusha ufunguo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kama mnataka kujua, yule dereva hakwenda Migori. Bado anaendesha pikapu ileile, na funguo ya swichi ya betri anayo yeye.